Noeli Baharini
Kila Desemba meli kubwa za watalii hung'oa nanga Miami, zikichukua maelfu ya watu kwenda kula Noeli katika bahari ya Karibi. Je, wanakosa? Hatudhani. Mama aliyepika kila Noeli kwa miaka thelathini anastahili naye kuandaliwa chakula. Lakini anayemwandalia ni nani? Mara nyingi ni Mfilipino, ambaye kwao Wakristu huamka alfajiri siku tisa, tangu tarehe 16, waende Misa. Yeye yumo jikoni (na sahani ni nyingi!), apate kuwapelekea watoto mshahara. Abiria na amwulize jina lake, na kama amepewa nafasi ya kusali. Nasi tulio nchi kavu tusijisifu upesi: siku ile vyombo vyetu huoshwa na nani?