Kusifu na Kupanga Safu

Kwa miaka mingi, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yalipotangazwa katika Tanzania, walitajwa wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya mwaka 2022, liliiacha desturi hiyo, kwa hoja kwamba haina tija. Watu wakagawanyika: wengine wakaona ni insafu, wengine wakaona mwenye bidii amenyang'anywa haki yake.

Amma hoja ya insafu ina nguvu. Na itazamwe Mlimba, katika bonde la Kilombero, penye mashamba ya mpunga na reli ya TAZARA. Mtoto wa mkulima wa huko, masika yakishuka na bonde likijaa maji, hana njia moja na mtoto wa Dar es Salaam aliyelipiwa bweni. Karatasi yao ni moja. Lakini karatasi hupima mtu alipofika, haipimi alikotoka. Basi alama zaweza kuwa za kweli, na hukumu ikawa ya dhulma.

Walakini asemaye, "Basi asisifiwe yeyote," amekimbia dhulma moja akaingia nyingine. Mwenye mali hakuihitaji orodha ile. Anao wa kumtangaza. Mtoto wa Mlimba akifuzu, nani atamjua?

Jawabu li karibu, katika mazoea ya pwani. Mtoto akikhitimu Kurani chuoni hupambwa, wazee wakafurahi, na mwalimu akapewa ada yake. Haulizwi amewashinda wangapi, huulizwa, "Amemaliza?" Na mwenziwe akimaliza mwaka wa pili, furaha ni ile ile, wala sifa ya huyu haimpunguzii yule.

Basi kusifu ni jambo moja, na kupanga safu ni jambo jingine. Wa kumsifu mtoto ni yule aijuaye safari yake: mzazi, mwalimu, jirani, watu wa mji wake. Wala sifa kamili si makofi. Ni nauli na vitabu vya kumfikisha Kidato cha Tano.

Awanyimaye watoto neno la kheri kwa kuogopa kiburi, na awapandishaye mmoja juu ya mwenziwe kwa kupenda fahari, wote wawili wamekosa mizani. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.