Ramadhani 18: Kisima Tulichokichimba Pwani



Ndugu zangu, tafakuri ya leo ni ndefu kidogo, na ndani yake kuna jambo naomba mnijibu kabla ya Taraweh ya kesho. Msiipitie juu juu.

Mnakumbuka Ramadhani iliyopita tulichangishana hapa hapa kwenye chaneli kwa ajili ya kisima cha madrasa moja upande wa Bagamoyo. Mimi ndiye niliyewasukuma. Niliwaeleza habari ya Saad bin Ubada (r.a.), aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) sadaka gani ni bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, akajibiwa kuwa ni maji, naye akachimba kisima. Kuna aliyetoa elfu moja, kuna aliyetoa kwa niaba ya marehemu baba yake. Mtambo ukaenda, kisima kikachimbwa, tukaletewa picha watoto wanakunywa. Tukasema alhamdulillah.

Mwezi wa kumi ustadhi wa kule akanipigia. Maji yamepungua, na yana ladha. Ladha gani? Akaniambia uji siku hizi hawautii chumvi.

Sasa mimi ni mtu wa Tabora. Hapa kwetu tupo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, tumekaa juu ya mwamba, na kisima kikilegea fundi anakwambia ongeza mita, uyafuate maji kwenye nyufa huko chini. Basi nikachukua akiba iliyobaki kwenye mfuko, nikaituma, nikawaambia waende chini zaidi. Wakaenda. Kabla mwaka haujaisha maji yakawa hayanyweki. Na si hayo tu. Jirani na madrasa kuna bi mkubwa mwenye kisima cha kuchota kwa ndoo, amekikuta tangu utoto wake, mtaa mzima ulikuwa unakitegemea. Nacho kikaingia chumvi.

Mwezi wa Rajabu nikapanda gari nikaenda kuona. Niliyaonja yale maji. Wallahi niliona haya kumtazama yule mama usoni.

Fundi wa maji niliyemkuta kule alinieleza kwa kijiti mchangani, na mimi nawaeleza vile vile. Pwani, chini ya ardhi, kuna maji ya aina mbili yaliyokaa pamoja. Juu kuna maji ya mvua, ambayo wenyeji wanayaita maji baridi. Chini na kwa pembeni yapo maji ya bahari, yaliyojipenyeza mchangani na kwenye mawe ya matumbawe. Maji ya bahari ni mazito kidogo kwa ajili ya chumvi, kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo yale matamu yanaelea juu yake, kama mafuta yanavyoelea kwenye supu ya futari. Wataalamu wana hesabu yake, ya zaidi ya miaka 100 sasa: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa geuza hesabu. Ukiyavuta mpaka yakashuka mita moja tu, ile chumvi ya chini inaanza kupanda, na inaweza kupanda mita 40. Haiji siku hiyo hiyo, inakuja taratibu, na ndiyo maana mtu anajisahau. Tena pampu ya mota inavuta kwa nguvu sehemu moja, basi chumvi inanyanyuka pale pale chini yake kama kichuguu. Na maji ya bahari hayahitaji kuwa mengi. Yakiingia sehemu 2 tu katika 100, ulimi unayajua.

Kwa hiyo pale niliposema waende chini zaidi, niliwapeleka kwenye bahari kwa pesa zenu.

Wala si madrasa ile peke yake. Dar es Salaam ulipokuja ukame wa 1997, Mto Ruvu ukapungua, watu na serikali wakachimba visima kwa wingi, na tangu hapo wenye nyumba wengi wamekuwa na visima vyao. Vingi vya karibu na ufukwe vina chumvi. Unguja nako, ambako watu wanategemea sana maji ya chini ya ardhi, hali ni hiyo hiyo kwenye maeneo ya pembeni mwa kisiwa. Chumvi ikishaingia haitoki kwa masika moja, inaweza kuchukua miaka mingi.

Hebu tusome sasa. Katika Suratul Muuminun, aya ya 18, Allah (s.w.) anatueleza kuwa ameteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo, akayatuliza ardhini, na kuwa Yeye ni muweza wa kuyaondoa. Kipimo, ndugu zangu. Nimeifundisha aya hii miaka na miaka na nilikuwa naharakia mwisho wake, pale pa kuogopesha, pa kuondolewa maji. Safari hii limenikamata neno la mwanzo. Maji yaliyotulizwa ardhini yametulizwa kwa kiasi, na mwenye kuchota bila kuuliza kiasi hana wa kumlaumu. Halafu Suratul Waaqia, aya ya 68 hadi 70, tunaulizwa kuhusu maji tunayokunywa, na tunakumbushwa kuwa Allah angetaka angeyafanya ya chumvi chungu. Najua kuna watakaonitumia zile video za bahari mbili zisizochanganyika, kwa ajili ya aya ya 53 ya Suratul Furqan. Msinitumie. Sitaki kuibebesha aya habari ya kisima chetu. Nasema tu kwamba pale pwani palikuwa na mpaka, na sisi tuliusogeza.

Kwa fiqhi ndiko ninakojilaumu zaidi. Tulisoma Minhaj ya Imam Nawawi, mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Mnamo ndani habari ya harimu ya kisima, yaani eneo la heshima linalokizunguka, na kwa visima vya mfereji wa chini ya ardhi mpaka wake unapimwa kwa kitu hiki: pale ambapo mwingine akichimba, maji ya kile cha kwanza yatapungua. Nimewasomesha hiyo watoto wa watu, na siku ya kuitumia nikaisahau. Mtu atasema, shekhe, mwenye milki ana haki ya kuchimba kwake. Kweli, na katika madhehebu yetu ana nafasi kubwa. Lakini sisi hatukwenda kule kutafuta haki ya kesi, tulikwenda kutafuta thawabu, na bi mkubwa yule sasa ananunua maji kwa dumu.

Wazee wetu Wanyamwezi waliobeba mizigo kati ya hapa Unyanyembe na Bagamoyo walikuwa na adabu nyingine na maji. Karibu na Mpwapwa, kabla ya kuingia Ugogo, walikuwa wanavuka nyika iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, ya chumvi. (Chumvi ya huko ni ya ardhi yenyewe, si ya bahari.) Hawakuchimba mbele. Walijaza vibuyu, wakaanza kutembea mchana, wakalala porini pasipo maji, na alfajiri wakaendelea. Walijua maji ya kila kambi yalivyo kwa kuwauliza wenyeji. Mimi nilituma pesa kwa simu, nikamwuliza fundi wa Isevya.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu tena mmeshaanza kuchanga, na mweka hazina ameandika "kisima". Ninapendekeza tuache kuchimba kule. Paa la ile madrasa ni la bati. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 tu linakupa kama lita 1,000, na pwani wana masika na vuli. Misikiti ya zamani ya mwambao ilikuwa na birika, hawakuwa wajinga. Tuweke mifereji ya bati na matangi mawili, moja la madrasa, moja nyumbani kwa bi mkubwa. Hilo la pili ni deni, si hisani.

Kisima chetu kisifukiwe. Maji ya chumvi ni tohara. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari na akasema ni twahara. Wachote kwa ndoo ya udhu na kufua, mota ing'olewe. Na kabla ya mtu yeyote kuchimba tena pale, aende kwanza ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya maji ya 2009 inataka kibali, na nikiri kuwa sisi hatukuuliza hata kama kipo.

Lakini pesa mlizotoa kwa jina la kisima ni amana ya kisima. Sina ruhusa ya kuzigeuza tangi bila idhini yenu. Kwa hiyo kila aliyechanga mwaka huu amwandikie mweka hazina: "nimeridhia tangi" au "nirudishieni". Anayetaka kurudishiwa hataulizwa kwa nini. Na waliochanga mwaka jana, thawabu yenu ipo kwa Mola wenu kwa nia zenu insha Allah. Kosa la kupeleka mita zaidi ni langu, na nimeshamwomba radhi bi mkubwa. Alinipa maji ya kunywa, ya kununua, kisha akaniambia nikirudi nije na maembe ya Tabora.

Asiye na simu ya kuandika anione leo baada ya witri, nitakuwa upande wa madirisha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.