Kusikia ni Amana

Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume, jueni, ndugu zangu, ya kwamba Qurani mahali pengi imetaja kusikia kabla ya kuona.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Huingia sikioni ikapiga kiwambo chembamba mfano wa ngozi ya tari. Nyuma yake mna vifupa 3, na cha mwisho hakipati urefu wa punje ya mchele. Hicho husukuma maji ya mfereji uliojipinda kama konokono, na humo mna vinyweleo vipelekavyo habari kwenye ubongo. Vikifa havioti tena. Na huuawa na makelele, na homa ya uti wa mgongo, hata na dawa nyingine, kama streptomisini. Ama kiwambo, hutobolewa na usaha, na kofi pia.

Hapo ndipo penye neno langu. Hapa Kiseke, kama huko pwani, mtoto huambiwa chuoni arudie aya, haitikii. Mwalimu akamwita mkaidi, akampiga kofi la sikio. Kumbe mtoto hasikii! Mtume amekataza kupiga uso, na katika madhehebu yetu ya Shafi amwondoleaye mtu kusikia kwa masikio yote mawili, juu yake diya kamili. Mwalimu gani wa chuo ana ngamia 100?

Asiyeitikia, simameni nyuma yake mmwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, babaye ampeleke kwa waganga wa masikio. Sisi wa Mwanza twaenda Bugando. Na sikio litokalo usaha lipanguswe kwa kitambaa safi, lisitiwe mafuta.