Adabu za Kuuguza, Kuzuru na Kuhani

Mwanangu,

Daktari akisema, "Mrudisheni nyumbani mkamtunze," jamaa wengi huelewa kuwa hakuna tena la kufanya. Lililokwisha ni tumaini la kuyang'oa maradhi. Kumpunguzia mgonjwa maumivu, kumwosha, kumsikiliza, kumwekea mambo yake sawa na kuwashika mkono watakaobaki, hayo yote bado, na ndiyo kazi ya tiba shufaa. Nasaha zangu zote zina shina moja: mgonjwa asiyeweza hata kujigeuza kitandani bado ndiye mwenye mwili wake, mwenye nyumba yake na mwenye neno. Muulize kabla hujatenda.

Katika kusema kweli

Jamaa humfuata daktari mlangoni wakamwomba, "Mama asiambiwe." Wanasema hivyo kwa huruma. Lakini mama anauona mwili wake ukipungua, na anasikia minong'ono inavyokatika kila anapofumbua macho. Akikosa wa kumuuliza, hujifanya hajui ili asiwaumize watoto, na watoto hujifanya hivyo hivyo ili wasimuumize yeye. Kila mmoja hubaki na hofu yake peke yake.

Usimmwagie habari zote kwa mkupuo, wala usimfiche. Anza kwa kumuuliza: "Baba, wewe mwenyewe unaionaje hali yako? Wataka daktari akueleze wewe, au azungumze nasi?" Wako watakaosema, "Zungumzeni nyinyi, mimi nimemwachia Mungu." Hilo nalo ni neno lake, liheshimu. Wengine watataka kujua kila kitu. Akikuuliza waziwazi kama atapona, usimjibu "Utapona tu" kisha ukakimbilia jikoni. Kaa. Mwambie kuwa madaktari hawana dawa ya kuyaondoa maradhi haya, lakini hamtamwacha na maumivu wala hamtamwacha peke yake.

Na wajukuu waambiwe kwa maneno ya umri wao. Mtoto aliyeambiwa kuwa bibi amesafiri atamngoja, kisha ataogopa kila mtu atakayefunga mkoba.

Katika maumivu

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kipimo cha maumivu ni kauli ya anayeumwa. Usimwambie "Jikaze," hasa mwanamume, maana wengi wao wamelelewa wasilie hata wanapochomwa.

Ikiandikwa mofini, usishtuke. Watu huiona kama dawa ya kumuaga mtu, au ulevi. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimharakishii mgonjwa kifo, na anayeitumia kwa maumivu ni nadra kuwa mraibu. Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alileta mofini ya maji, iliyochanganywa kutoka unga, ya bei nafuu, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Na kwa kuwa madaktari walikuwa wachache, mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliosomea kazi hii kuiandika wenyewe. Nairobi Hospice ilikuwa imetangulia mwaka 1990, na Dar es Salaam huduma hii iko katika taasisi ya saratani ya Ocean Road. Popote ulipo, iulizie kabla hamjatoka hospitalini. Usingoje usiku wa kwanza wa vilio.

Adabu ya mofini ya maji ni saa. Hunywewa kila baada ya saa nne, au kama alivyoagiza daktari, bila kungoja maumivu yarudi, kwani maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha. Hufunga choo, na mwili hauzoei jambo hilo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Usiongeze, usipunguze wala usiikatishe ghafla kabla ya kumuuliza anayewahudumia.

Ikiwa dawa imeingia na bado anataabika, mwite muuguzi, kisha tazama na pengine. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mtu anayekaribia mwisho hayako mwilini tu. Yamo pia moyoni, katika mambo ya jamaa na katika imani. Deni lisilolipwa huuma. Ndugu wasiosemezana naye huuma. Hayo hayanyweshewi kijiko. Hutaka mtu wa kukaa, kusikiliza na kwenda kumwita anayetakiwa.

Katika kuuguza

Usimguse bila kumwambia. "Mama, nakugeuza ubavu wa kulia." Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya kulalia. Muulize nani angependa amwoshe, maana huenda baba akaona haya kuoshwa na binti au mkwe, na huenda haya hizo zikamtesa kuliko maradhi. Funika sehemu usiyoiosha. Usizungumze juu yake na mwenzako kana kwamba hayupo.

Siku zikikaribia atakataa chakula. Usimlazimishe uji, asije akapaliwa. Mwili unaofunga kazi zake hauombi tena chakula, na mama hafi kwa sababu binti yake alishindwa kumlisha. Mlowanishe midomo kwa kitambaa safi, umpe tone la maji akiweza kumeza.

Kazi hii mara nyingi humwangukia mwanamke mmoja, binti asiyeolewa au mke wa mtoto, bila mtu kumuuliza. Pangeni zamu. Aliye mbali, awe Muscat au Toronto, atume fedha, asitume amri. Na anayeuguza apate usiku mzima wa kulala bila kuitwa mvivu.

Katika kuzuru

Piga simu kwanza. Kaa kidogo. Usikae kitandani kwake bila kukaribishwa, usishangae kwa sauti jinsi alivyokonda, wala usisimulie habari za jirani aliyekufa kwa maradhi hayo hayo. Usimpige picha. Ukija na chupa ya mizizi na kuwaambia waache dawa za hospitali, umekuja kuwatia mashaka watu ambao wewe hutakuwapo saa nane za usiku kuwasaidia.

Zungumza na mgonjwa mwenyewe, habari za mpira, za shamba, za harusi ya jirani; bado yumo duniani. Akinyamaza, nyamaza naye. Ukitaka kuleta kitu, waulize wanaouguza kinachohitajika. Mara nyingi ni sabuni, nepi za watu wazima, gesi ya kupikia au nauli ya kliniki, na matunda yamejaa mezani.

Katika wosia na mazishi

Usingoje ulimi uwe mzito. Muulize, akiwa na akili timamu na mashahidi wakisikia, nani anamdai, yeye anamdai nani, na watoto wadogo walelewe na nani. Kwa Waislamu, wosia wa mali hauzidi theluthi moja, wala mrithi hausiwi bila ridhaa ya warithi wenzake. Asiye Mwislamu atafutiwe wakili.

Muulize pia angependa azikwe wapi, na jibu lisikiwe na pande zote za jamaa zikiwa pamoja. Wakili S. M. Otieno wa Kenya alifariki Desemba 1986 akazikwa Mei 1987, kwa kuwa mjane na ukoo walishindana mahakamani juu ya mahali pa kaburi. Mjane alisema mumewe alitaka azikwe karibu na Nairobi, lakini mahakama iliupa ukoo mwili. Neno la marehemu lililosikiwa na upande mmoja huzua vita.

Katika saa za mwisho

Pumzi itapishana, ivutwe, isimame, ivutwe tena. Koo laweza kukoroma, na miguu kupoa. Hizo ni dalili za mwili unaoaga, na hazimaanishi kuwa anateseka. Huenda bado anasikia, kwa hiyo msigombane karibu naye. Akiwa Mwislamu, tamka shahada taratibu masikioni mwake. Akiisha kuitamka, muache, usimkere kwa kuirudiarudia. Akiwa Mkristo mwenye kutaka padri au mchungaji, aitwe mapema, angali anaweza kuitikia sala.

Katika kuhani

Ukifika msibani sema maneno machache: "Poleni. Mungu awape subira." Usiulize alikuwa na ugonjwa gani. Usiseme "Bora amepumzika" mpaka mfiwa alitangulize mwenyewe. Na usiwageuze wafiwa kuwa wapishi wako. Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Mu'ta, Mtume aliagiza jamaa zake wapikiwe chakula, kwa kuwa lilikuwa limewafika la kuwashughulisha. Sisi leo huwaacha wafiwa na deni la mchele na ng'ombe.

Mjane aliye edani ana miezi minne na siku kumi mbele yake. Asihesabiwe vyombo wala kuulizwa hati ya nyumba turubai likiwa bado limesimama. Msiba una umati hadi siku ya tatu, una watu hadi arobaini, kisha simu zinanyamaza. Ungoje wakati huo, ndipo uende.

Na ukifika, mtafute aliyeuguza. Kwa miezi alikuwa akiamka kwa saa za dawa, na sasa hana wa kumwamkia. Pengine ameacha kazi au masomo, na anajilaumu kwa kijiko alichochelewesha. Usimwambie aanze kusahau, wala usimpangie maisha. Msikilize, kisha umuulize anataka asaidiwe nini, maana sasa mwenye neno ni yeye.