Nguvu ya Gari Ni ya Nani?

Mvua ya mawe ikimwagika hapa Roret, mashamba ya majani chai huwa meupe, halafu barabara ni tope tupu. Hapo wapenda magari wanafurahi: huyu na Subaru, yule na Land Cruiser, wanapimana nani atapanda mlima. Mimi sioni dhambi. Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1965 na Volvo ya mtumba. Ustadi ni kipawa.

Lakini kipawa ni cha nani? Probox imekwama kando, mgonjwa yuko ndani, na wewe unapita ukipiga honi. Soma Warumi 15:1. Kamba iko kwa buti. Ama unaogopa kuchafua viatu vya ibada?