Msafiri na Nyumba Yake

Safari ni namna mbili: ipo ya haja na ipo ya hiari. Msafiri wa haja huulizwa aendako. Msafiri wa hiari yafaa aulizwe aendavyo. Katika safari za hiari hakuna inayolizusha swali hili wazi kama ile ya watu wanaokokota nyumba zao nyuma ya motokaa, wakaenda nazo mpaka pembe za dunia ambako watu ni haba. Mtu aliyechukua kitanda chake, jiko lake na maji yake, hata asihitaji kubisha mlango wa mtu, je, ana deni lolote kwa nchi anayoipita?

Desturi hii imeshamiri sana Marekani, wala Afrika haikuikosa. Mwaka 1959 msafara wa trela 41, ukiongozwa na Wally Byam, ulitoka Cape Town kwenda Cairo. Lakini mfano ulio bora wa safari hizi uko kaskazini, katika Njia Kuu ya Alaska, itokayo Dawson Creek nchini Kanada, ikapita Yukon, ikaishia Delta Junction katika Alaska: mwendo wa kilomita 2,200 na zaidi. Kila majira ya joto trela huipanda njia hii kati ya misitu ya misonobari, maziwa ya maji baridi, na milima isiyovua theluji yake.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Kujitegemea ni sifa njema, na katika nchi ambayo kituo ki mbali na kituo, akiba ni busara. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye trela aweza kujibu kwamba jembe halimhusu, kwa kuwa hakula chakula cha mtu wala hakulala kitandani mwa mtu.

Jibu hili lina sura ya kweli, ila lasahau kuwa chakula na malazi si vitu pekee ambavyo mgeni hupewa. Njia yenyewe aliipewa na nani? Ilikatwa mwaka 1942, wakati wa vita, na majeshi ya Marekani, ikafunguliwa tarehe 20 Novemba mwaka ule ule. Askari zaidi ya 10,000 walitumika humo, na wapata theluthi yao walikuwa watu weusi, katika jeshi lililokuwa bado likitenga watu kwa rangi. Askari weusi wa kikosi cha 95 walijenga daraja la mbao juu ya mto Sikanni Chief kwa muda usiotimia siku 4. Wengi wao walitoka majimbo ya kusini, hawajapata kuona baridi ya namna ile, na wakuu walitaka wakae mbali na miji. Basi waliofungua mlango hawakukaribishwa ndani; na apitaye leo mlango ule pasipo kuwajua amekula jasho lao bila shukrani.

Ardhi nayo ilikuwa na masharti yake. Mahali pengi chini ya uso wake imeganda mwaka hadi mwaka, na blanketi lake ni kuvu na majani. Wajenzi wa kwanza walilikwangua blanketi hilo kwa mitambo yao. Jua likaingia, barafu ikayeyuka, na njia ikawa tope lililomeza magari. Ndipo walipojifunza kuacha majani mahali pake na kutandika magogo juu yake. Nchi iliyodhaniwa kuwa haina mwenye kusema ilikuwa imesema.

Lakini deni lililo zito zaidi ni kwa wenyeji. Msafiri huiita nchi ile nyika, na kwa neno hilo huiona tupu. Haikuwa tupu. Watu wake waliwaongoza wapimaji katika mapito waliyoyajua toka kwa mababu. Malipo yaliyowafikia baadhi yao, kama wale wa Teslin, ni surua na maradhi mengine yaliyokuja pamoja na njia. Na mwaka 1943, ilipotengwa hifadhi ya wanyama ya Kluane, wenyeji walikatazwa kuwinda katika milima iliyowalisha. Ilihitaji miaka 50, mpaka mapatano ya mwaka 1993, kwa watu wa Champagne na Aishihik kurudishiwa kwa maandiko haki yao ya kuwinda huko. Uzuri anaoutazama msafiri dirishani mwa trela yake, kwa muda mrefu ulikuwa njaa ya mtu mwingine.

Huenda mtu akasema: nimelipa kodi, nimenunua petroli, nimelipia kiwanja nilicholala, deni gani limebaki? Fedha hulipa bei ya kitu, nayo ni halali. Lakini wema na dhuluma havikupata kutiwa bei, wala mtu hawezi kulipa deni asilolijua. Malipo ya kwanza basi ni kujua: kuuliza nchi ni ya nani, njia ilikatwa na nani, na nani alipoteza nini ili mwingine apite. Malipo ya pili ni adabu itokayo katika ujuzi huo: kutembea taratibu, kusikiliza kabla ya kupiga picha, na kuacha mahali kama palivyokutwa.

Hapana dhambi kuchukua nyumba safarini. Kobe huichukua yake maisha yote na hakuna amlaumuye. Hatari iko katika kuta zake, kwamba humfanya mtu adhani hakuingia kwa mtu. Mlango wa trela hufunguka kwa ndani. Lakini kila anapoufungua, msafiri hushuka katika ua wa mwenyewe, naye imempasa kupiga hodi.