Mizani Haitenganishi Maji na Mafuta

Wanangu, kuna habari naisikia kila kukicha siku hizi, saluni, kwenye daladala, mpaka msibani. Fulani kaacha chumvi, kapungua kilo tatu kwa wiki moja. Mwenzake anauliza kafanyaje, na wa tatu anaapa kuanza kesho. Wiki mbili baadaye yule wa kwanza unamkuta kanyong'onyea. Alikwenda harusini Ijumaa akala pilau, Jumamosi asubuhi akapanda mizani, kilo mbili zimerudi. Sasa anasema mwili wake haufai, heri ale tu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimesimama kando ya mizani ya kliniki ujana wangu wote, nimeandika uzito wa watu wa kila umbo. Chumvi haimwongezei mtu mafuta, na kuiacha hakumwondolei mafuta. Kinachopanda na kushuka ni maji. Hilo peke yake lisingenitia wasiwasi, ila naona mabinti na vijana wanavyohangaika kuyafukuza hayo maji wakidhani wanafukuza unene, na wengine wanajiumiza.

Chumvi haina kalori hata moja. Ila inashika maji, na inayashika kwa kipimo. Mnaijua dripu ya chumvi, ile inayoning'inizwa juu ya kitanda cha mgonjwa. Lita moja ya dripu hiyo ina gramu 9 za chumvi, kwa kuwa ukali huo ndio unaokaribiana na wa maji ya damu yetu. Mwili haukubali chumvi ikolee kupita hapo. Ukila chumvi nyingi kiu inakushika, unakunywa, na figo zinayazuia maji mpaka ukali urudi mahali pake. Basi pigeni hesabu: gramu 9 za ziada zikibaki mwilini zitakaa na lita moja ya maji, na lita ya maji ni kilo nzima kwenye mizani. Figo nzima huitoa ziada hiyo polepole, siku moja, mbili, tatu. Ukila chakula chako cha kawaida bila papara, kilo hiyo inaondoka yenyewe.

Na gramu 9 si nyingi kama mnavyodhani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi ya mkate, ya mchuzi na ya kila kilichotoka dukani. Shirika hilohilo linakadiria kuwa kwa wastani watu wazima duniani wanakula karibu gramu 11. Sasa itazame sahani ya harusi: pilau, mishkaki, sambusa, kachumbari iliyofikichwa na chumvi kwanza ili ukali wa kitunguu utoke, achari pembeni, na soda. Asubuhi yake pete inagoma kutoka kidoleni, na alama ya soksi imezama juu ya kifundo cha mguu. Hayo ni maji.

Anayeogopa kuwa zile kilo mbili ni mafuta afanye hesabu nyingine. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, kwa hiyo kilo mbili ni 15,400. Mtu anayetosheka na kalori 2,000 kwa siku angelazimika kula, juu ya mlo wake wa siku hiyo, chakula cha siku saba na zaidi katika usiku mmoja. Hakuna tumbo la namna hiyo. Basi kwa nini binti alie, na kwa nini aache utaratibu mzuri aliokuwa ameuanza?

Kushuka kwa wiki ya kwanza nako kuna siri yake. Mtu anayejinyima huwa haachi chumvi peke yake, anaacha na ugali, wali na chapati. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama tatu za maji. Akiba ikitumika, maji yake yanatoka. Isitoshe, wanga ukipungua insulini nayo inashuka, na figo zinaachia chumvi zaidi kuliko kawaida. Ndiyo maana wiki ya kwanza kila mtu ni shujaa. Wiki ya tatu, mizani inapotambaa gramu mia mbili, mia tatu, ndipo mafuta yenyewe yanapoanza kuonekana yakipungua, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Wanaoijua siri hii ya maji nao wanaitumia vibaya. Nawaona vijana alfajiri wamejifunga nailoni tumboni na koti zito juu, wanakimbia. Jasho linamwagika, mizani inashuka, wanakunywa maji, inapanda. Hao angalau wamekimbia. Kuna wanaokunywa chai za kupunguza mwili, na nyingi ukizisoma vizuri utakuta ndani yake sanamaki. Sanamaki inaharisha. Lakini chakula hunyonywa zaidi kwenye utumbo mwembamba, na dawa hiyo inafanya kazi kwenye utumbo mpana, kwa hiyo kalori zimekwisha kuingia mwilini kabla chai haijaanza kuvuruga tumbo. Unachomwaga chooni ni maji, chumvi na potasiamu.

Walio hatarini kuliko wote ni wanaonunua vidonge vya kukojoza, furosemide, wengine wanaviita Lasix. Hiyo ni dawa ya mtu ambaye moyo au figo zimeshindwa kazi na miguu imejaa maji, na anayeimeza hupimwa damu mara kwa mara. Msichana mzima akiimeza ili gauni lifunge, anakojoa usiku kucha na asubuhi tumbo limeingia ndani. Kilichotoka na mkojo ule ni pamoja na potasiamu na magnesiamu, na moyo unategemea madini hayo ili upige kwa mpangilio. Yakipungua, kwanza misuli inakaza na kichwa kinazunguka, kisha moyo unaanza kupiga ovyo. Anaweza kuanguka akafa, naye alikuwa hana ugonjwa wowote. Na akiiacha dawa, mwili ulioibiwa chumvi unaing'ang'ania kila iliyoingia, anavimba kuliko mwanzo, anadhani amenenepa, anarudi dukani kununua tena.

Kuna na fundisho la kunywa maji mengi kupita kiasi huku chumvi imekatwa kabisa, eti kusafisha mwili. Maji ni mazuri, lakini nayo yana mpaka. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 sodiamu yao imeshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, kwa sababu walikunywa kuliko walivyotoa. Sodiamu ikishuka sana ubongo unavimba: kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, anaweza kupata degedege. Chumvi si sumu ya kuifukuza nyumbani.

Tena kwa mabinti mnaotarajia kuzaa, chumvi ya dukani ndiyo inayotuletea madini joto. Waulizeni wazee wa nyanda za juu jinsi watu walivyokuwa na rovu shingoni kwa kuyakosa. Mama mjamzito akikosa madini hayo, ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaopata hasara, na hasara hiyo hairekebishiki akishakua. Tieni kidogo, lakini iwe yenye madini joto, na muitie chungu kikikaribia kuiva.

Nisije nikaeleweka kuwa nawaruhusu kula chumvi mtakavyo. Ninayemgombeza ni anayeipunguza kwa sababu isiyo yake. Sababu ya kweli ni presha. Mwaka 1990 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Neil Poulter na wenzake, waliowafuata Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Kijijini presha zao zilikuwa chini. Walipofika mjini presha zilipanda kuliko za wenzao waliobaki, na haikuchukua miaka. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imezidi ikilinganishwa na potasiamu, na uzito wao pia ulikuwa juu. Hawakuwa wazee hao, walikuwa vijana waliokwenda kutafuta maisha, kama nyinyi. Presha haiumi ikianza. Inakaa kimya mpaka siku mtu anapopooza upande mmoja, na nimewauguza wengi wa namna hiyo ambao hawakuwa wanene hata kidogo.

Kwenye unene wenyewe chumvi inaingia kwa mlango wa nyuma. Mtazame muuza chipsi. Kopo lake la chumvi limetobolewa mfuniko, analitikisa juu ya viazi vinavyong'aa mafuta, mara tatu, mara nne, kisha anauliza kama uongezewe. Viazi vile bila chumvi ungeacha nusu. Vikiwa na chumvi unamaliza, unaramba vidole, kiu inakushika, unaagiza soda baridi yenye sukari zaidi ya gramu 30. Mafuta ya chipsi yana kalori 9 kwa kila gramu, sukari ina 4, chumvi haina, lakini chumvi ndiyo iliyokuvuta mpaka mwisho wa sahani. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza waliripoti kuwa wanaokula chumvi nyingi huwa wanene zaidi, hata baada ya kujaribu kuziondoa kalori kwenye hesabu. Siupuuzi utafiti huo. Ila watu wakiulizwa wamekula nini husahau mengi, na vyakula vya chumvi nyingi ndivyo hivyohivyo vya mafuta na sukari. Mimi lawama kubwa naiweka kwenye sahani nzima. Ukiacha chumvi ukabaki na chipsi, hujaacha kitu.

Anzeni kupunguza chumvi ya kioski na ya pakiti, kabla ya ile ya chungu cha mama. Soma nyuma ya pakiti ya tambi au bisi: wameandika sodiamu kwa miligramu. Zidisha kwa mbili na nusu upate chumvi. Sodiamu miligramu 800 ni chumvi gramu 2, karibu nusu ya haki yako ya siku, ndani ya pakiti moja ya kulainisha njaa. Nyumbani, anayetia vidonge vya mchuzi asitie tena chumvi kama vile havimo. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu; loweka maharage usiku, magadi utayahitaji kidogo au usiyahitaji kabisa. Ng'onda na papa mkavu viloweke, mwaga maji ya kwanza na ya pili. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili ndivyo vinavyouinua mchuzi uliopunguzwa chumvi, na ulimi unazoea baada ya wiki chache. Kula mchicha, maharage, ndizi, viazi vitamu, kwa ajili ya potasiamu inayozisaidia figo kuitoa sodiamu, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye aulize daktari wake kwanza.

Na mizani muitumie kwa adabu. Panda mara moja kwa wiki, asubuhi, ukishatoka msalani na hujala kitu. Andika. Linganisha mwezi huu na uliopita, si leo na jana. Msichana anayekaribia siku zake huongezeka kilo moja au mbili za maji hata kama hakuigusa achari, na zikipita anashuka. Utepe wa fundi cherehani kiunoni utakwambia ukweli ambao mizani ya kila siku haiujui.

Lipo jambo moja la kutazama zaidi. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya muundi, hesabu mpaka kumi, achia. Shimo likibaki, na likawa linabaki wiki nzima ilhali hakuna karamu uliyokwenda, usihangaike na chumvi wala chai, nenda hospitali. Huenda ni moyo, figo au ini. Kwa mjamzito aliyevimba uso na mikono, kichwa kikauma na macho yakaona ukungu, huenda ni dalili ya kifafa cha mimba, na huyo asisubiri kupambazuke.

Nawaomba hivi, wanangu. Aliye na vidonge vya kukojoza kwenye mkoba bila kuandikiwa na daktari aache kuvimeza leo, na kama moyo unamwenda mbio au misuli inakaza, aende hospitali sasa hivi aseme wazi alichokuwa akimeza. Hakuna muuguzi mwenye akili atakayemcheka. Na wote mliobaki, wiki hii nendeni mkapimwe presha, mkiongozana na mama zenu.